MOYO UKIPOTEZA MWENDO WAKE

Moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga baina ya mara 60 na mara 100 kwa dakika moja. Ukihesabu kutwa kucha, mapigo hayo hufika kiasi cha 100,000, na mwenyewe hana khabari nayo. Analala, nao wafanya kazi. Anasali, anacheka, anabishana na jirani yake, nao wafanya kazi vile vile. Kwa sababu hiyo wengi wetu hatuukumbuki moyo mpaka siku ile unapokwenda mrama: unapapatika kama ndege aliyenaswa, au unakawia hata mtu akaona kiza na kuanguka.

Maradhi haya ya mwendo wa moyo yamo katika nyumba nyingi, nayo yamezungukwa na khofu na maneno mengi yasiyo na msingi. Tumeona yafaa kuwaeleza wasomaji wetu, wazee kwa vijana, asili yake, dawa zake, na vyombo vilivyobuniwa kwa ajili yake. Tena tutaonyesha jambo moja ambalo kwa maoni yetu lina uzito kuliko mengine, nalo ni kwamba dawa iliyo bora na chombo kilicho ghali, vyote viwili hutegemea uangalizi wa watu wa nyumbani. Daktari humwona mgonjwa muda mchache. Siku zinazobaki ni za mkewe, mumewe na wanawe.

UMEME ULIOMO MOYONI

Moyo una vyumba vinne, viwili vya juu na viwili vya chini. Katika chumba cha juu cha upande wa kulia mna kifundo kidogo cha nyama chenye kuzaa umeme hafifu. Umeme huo hutambaa katika vyumba vya juu, navyo vikajikunja na kumimina damu chini. Kisha hufika kituo cha pili kilicho katikati ya moyo, na hapo hukawia kidogo sana, ili vyumba vya chini visije vikajikunja kabla havijajaa. Ndipo hupita katika nyuzi maalumu mpaka chini, na moyo ukaisukuma damu mwilini. Kituo hicho cha kati kilielezwa mwaka wa 1906 na Sunao Tawara, Mjapani aliyekuwa akifanya uchunguzi wake Marburg, Ujerumani. Kifundo cha juu kikaelezwa mwaka wa 1907 huko Uingereza na Arthur Keith pamoja na Martin Flack, ambaye wakati huo alikuwa bado ni mwanafunzi wa udaktari.

Matabibu wa kale hawakuujua umeme huu, lakini walijua kuwa mshipa wa mkononi huleta khabari za moyo. Ibn Sina, aliyefariki mwaka wa 1037, aliueleza mshipa kwa urefu katika kitabu chake cha Qanun, akapambanua mapigo yaliyo sawa na yasiyo sawa, yenye mpango na yasiyo na mpango. Na juu ya hayo akatunga risala nzima kwa Kifarsi juu ya jambo hilo hilo. Yeye alitumia vidole vyake tu. Ilipita miaka mia nyingi mpaka Willem Einthoven, Mholanzi aliyezaliwa Java, alipounda huko Leiden, mwanzoni mwa karne ya ishirini, chombo cha kuuandika umeme wa moyo. Chombo chake cha kwanza kilikuwa na uzito wa kiasi cha kilo 270, na mwaka wa 1924 akapewa tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Leo kipimo hicho hufanywa kwa mashine ndogo ya kuchukulika, kwa dakika chache, na mgonjwa hasikii maumivu yoyote.

NAMNA MWENDO UNAVYOPOTEA

Mwendo wa moyo huharibika kwa njia tatu. Huweza kuwa wa polepole mno, kwa sababu kifundo cha juu kimechoka au njia ya umeme imekatika katikati. Huweza kuwa wa mbio mno, kwa sababu umeme umepata njia ya panya na kuzunguka pasipo kukoma. Au huweza kukosa mpango kabisa, pigo hili likawa karibu na lile likawa mbali. Sababu zake ni nyingi: uzee, shinikizo la damu, milango ya moyo iliyoharibika, tezi ya shingoni inayofanya kazi kupita kiasi, ulevi, na hata baadhi ya dawa.

Hapa yatupasa kuondoa khofu kabla ya kuonya. Moyo kwenda mbio kwa homa, kwa khofu, au kwa kahawa nyingi si maradhi. Na pigo moja moja linaloruka, aghalabu ya watu wazima hulipata, nalo kwa mwenye moyo mzima halina madhara. La kuogopewa ni kuzimia kwa ghafla, moyo kwenda mbio pasipo sababu na kuendelea, kuhema na kuumwa kifua pamoja na mapigo yasiyo sawa, au kijana kuanguka akiwa mchezoni. Mwenye moja katika hayo asingoje.

Twajua pia kuwa katika miji yetu mtu akianguka mara mbili tatu husemwa kuwa amepandwa na pepo, na huzungushwa kwa waganga miezi mingi. Hatumkatazi mtu kumwombea mgonjwa wake. Dua ni jambo jema. Lakini dua haimzuii mtu kupimwa, wala kupimwa hakuipunguzi dua. Mzee ambaye moyo wake wapiga mara 30 kwa dakika huzimia kwa kuwa damu haifiki kichwani, na kila siku anayocheleweshwa ni siku anayoweza kuanguka asiinuke.

Katika maradhi ya mwendo yenye khatari, lililoenea zaidi ni mtetemeko wa vyumba vya juu. Vyumba hivyo huacha kujikunja sawasawa, vikawa vinatetema tu. Damu iliyomo hutuama pembeni, na damu ituamayo huganda. Bonge likivunjika na kupanda kwenye ubongo, mtu hupata kiharusi. Mwenye mtetemeko huu, ijapokuwa milango ya moyo wake ni mizima, hukabiliwa na khatari ya kiharusi kiasi cha mara tano kuliko asiye nao. Na kama milango imeharibika, khatari huzidi sana. Ajabu yake ni kuwa baadhi ya wagonjwa hawasikii kitu chochote. Kiharusi ndiyo khabari yao ya kwanza.

Katika nchi zetu mtetemeko huu hauwapati wazee peke yao. Mtoto huumwa na koo, akaachwa apone mwenyewe. Baada ya wiki chache viungo vikamvimba kwa homa ya baridi yabisi. Na homa hiyo ikila milango ya moyo, atakapokuwa kijana au mama wa watoto wawili, vyumba vya juu huvimba na kuanza kutetema. Kwa hiyo wazazi wasiyadharau maumivu ya koo yenye homa kwa watoto wa miaka mitano hata kumi na mitano. Penisilini itolewayo kwa wakati wake huweza kuyazuia mambo haya yote, na aliyekwisha patwa na homa hiyo hupewa sindano kila baada ya wiki tatu au nne, kwa miaka, isimrudie tena.

DAWA NA MIIKO YAKE

Dawa za mwendo wa moyo zina historia ndefu. Mwaka wa 1785 William Withering, tabibu wa Birmingham, alitoa kitabu juu ya majani ya mmea uitwao dijitalisi, akieleza wagonjwa aliowatibu nao na kipimo kinachofaa. Katika mmea wa jamii hiyo ndimo ilimotolewa dawa ya digoksini mwaka wa 1930, nayo hutumika mpaka leo. Withering mwenyewe alionya kuwa dawa yake ikizidi hugeuka sumu, na onyo hilo halijafutika.

Iko na khabari ya kwinini, ile ile waliyokunywa babu zetu kwa malaria. Mwaka wa 1912 mfanyabiashara wa Kiholanzi alimwendea bingwa wa moyo, Karel Wenckebach, mapigo yake yakiwa yamevurugika. Bingwa akamwambia kuwa hana dawa ya kuyarudisha. Mfanyabiashara akajibu kuwa yeye anayo: akimeza kwinini mapigo hutulia. Kesho yake akarudi, na mapigo yakawa sawasawa kama alivyosema. Mwaka wa 1918 Walter Frey, huko Ujerumani, akaonyesha kuwa kwinidini, iliyo ndugu ya kwinini, ina nguvu zaidi katika kazi hiyo. Baadaye zikaja dawa nyingine nyingi: mathalan propranololi, iliyotokana na kazi ya James Black wa Uingereza katika miaka ya 1960, ambayo huupunguza moyo mbio zake.

Lakini mtu asiseme, "Kama mfanyabiashara yule alijitibu, nami nitajitibu." Mwaka wa 1989 madaktari wa Marekani walitoa matokeo ya uchunguzi uliowatisha wao wenyewe. Wagonjwa waliopata kupatwa na mshtuko wa moyo, na waliokuwa na mapigo ya ziada, waligawanywa mafungu: wengine walipewa enkainidi au flekainidi, dawa zilizojulikana kuyatuliza mapigo hayo, na wengine vidonge visivyo na kitu. Mapigo ya ziada yalitulia kweli. Lakini waliokufa katika wale waliopewa dawa walikuwa wengi kuliko katika wale wengine. Dawa iliyomfaa mwenye moyo mzima ilimdhuru mwenye moyo wenye kovu. Basi kuazimana vidonge vya moyo, au kununua dukani kwa sababu vilimfaa shemeji, ni kucheza na roho.

Dawa nyingine ambayo watu wa nyumbani yawapasa kuijua vema ni ile ya kuzuia damu isigande, khasa warfarini. Asili yake ni ng'ombe wa Amerika ya Kaskazini waliotokwa na damu hata wakafa kwa kula majani makavu yaliyooza. Karl Paul Link na wenzake wa Wisconsin waliitafuta sababu yake, na mwaka wa 1948 dawa hii ikaanza kuuzwa kama sumu ya panya. Katika miaka ya 1950 ikaingia hospitali. Dawa hiyo hiyo ikipimwa huokoa, ikizidi hutoa damu, ikipungua haifai kitu. Ndiyo maana mwenye kuimeza hupimwa damu yake mara kwa mara.

Tena warfarini hushindana na mboga za majani, kwa kuwa mchicha, kisamvu na sukuma wiki zina vitamini ya kugandisha damu. Haina maana kuwa mgonjwa aache mboga. Ale, lakini kiasi chake cha wiki hii kisiwe mbali na cha wiki iliyopita. Na dawa za maumivu ya viungo, dawa za kuua vijidudu, na mitishamba mingi huweza kuipandisha au kuishusha nguvu yake. Kwa hiyo asimeze kitu kipya kabla ya kuuliza. Mwanamke aliye katika umri wa kuzaa, akiwa anatumia warfarini, na amwarifu daktari mapema kabla ya kuchukua mimba, kwani dawa hii huweza kumdhuru mtoto tumboni.

Siku hizi ziko dawa mpya zisizohitaji kupimwa damu kila mara, nazo zawafaa wagonjwa wengi wa mtetemeko. Lakini kwa wale ambao milango ya moyo wao iliharibiwa na baridi yabisi, uchunguzi uliotolewa mwaka wa 2022, uliowahusu wagonjwa zaidi ya 4,500 katika nchi 24 za Afrika, Asia na Amerika ya Kilatini, ulionyesha kuwa waliotumia warfarini walifariki wachache kuliko waliotumia rivaroksabani, ambayo ni mojawapo ya hizo mpya. Kipya si lazima kiwe bora kwa kila mtu.

VYOMBO

Sasa tuje kwenye vyombo. Mwaka wa 1958, katika mji wa Stockholm, Sweden, alikuwako mtu wa miaka 43 aitwaye Arne Larsson. Njia ya umeme wa moyo wake ilikuwa imekatika, naye alikuwa akizimia mara 20 hata 30 kwa siku. Mkewe, Else-Marie, alipata khabari ya mpasuaji Åke Senning na mhandisi Rune Elmqvist, waliokuwa wakitafuta namna ya kuuongoza moyo kwa umeme. Akawaendea. Wakamwambia kuwa hawana chombo kilicho tayari kwa binadamu. Naye akawashikilia wakitengeneze. Elmqvist akakisubu chombo chenyewe ndani ya kikopo cha rangi ya viatu, na tarehe 8 Oktoba 1958 kikatiwa mwilini mwa Larsson. Kilifanya kazi saa chache kikafa, akatiwa cha akiba. Katika maisha yake alibadilishiwa vyombo hivyo 26, akafariki mwaka wa 2001, akiwa na miaka 86, kwa maradhi ya saratani ya ngozi na si ya moyo. Senning na Elmqvist wote wawili walikuwa wamekwisha tangulia.

Chombo hicho ndicho watu wetu wakiitacho betri ya moyo. Siku hizi uzito wake hauzidi gramu 50. Hutiwa chini ya ngozi karibu na bega, na waya mwembamba hupitishwa ndani ya mshipa mpaka moyoni. Chombo hukaa kikisikiliza. Moyo ukikawia hutoa umeme kidogo, na moyo ukienda vema hunyamaza. Betri hudumu miaka mingi, kisha hubadilishwa kwa upasuaji mdogo. Dar es Salaam, kazi hii hufanywa katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete iliyoanzishwa mwaka wa 2015, na mgonjwa wa Tanzania halazimiki tena kupanda ndege kwa ajili yake.

Liko na jambo la bei, nalo ni zito kwa wasio na uwezo. Mwaka wa 2024 wataalamu walioongozwa na Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walitangaza matokeo ya majaribio yaliyofanywa katika nchi saba, Kenya ikiwa mojawapo. Betri zilizotolewa katika miili ya watu waliofariki, zikasafishwa na kupimwa upya, hazikuleta maradhi ya uchafu zaidi ya zile mpya katika miezi mitatu ya mwanzo. Twatumaini njia hii itafunguka.

Chombo cha pili ni cha kuushtua moyo. Iko mbio moja mbaya kabisa, ya vyumba vya chini kutetema, ambayo humwua mtu kwa dakika chache. Michel Mirowski, mzaliwa wa Warsaw, baada ya kufiwa na mwalimu wake kwa maradhi hayo, alishika njia ya kutafuta chombo kidogo cha kukaa mwilini na kuushtua moyo chenyewe. Wenziwe wengi walimpinga. Lakini mwaka wa 1980, huko Baltimore, chombo chake kikatiwa mtu wa kwanza.

Njia ya tatu ni kuunguza. Mrija mwembamba hupitishwa katika mshipa wa paja mpaka moyoni, na ile njia ya panya ya umeme ikatafutwa na kuunguzwa. Kwa baadhi ya maradhi ya mbio, khasa ya vijana waliozaliwa na njia ya ziada, mgonjwa hupona moja kwa moja asihitaji dawa tena.

WAJIBU WA NYUMBA

Tumesema mwanzo kuwa haya yote hutegemea nyumba. Na tueleze kwa vipi.

Kwanza, kila nyumba na ijue kupima mshipa. Mtu akae kitako dakika tano atulie. Wekeni vidole viwili, cha shahada na cha kati, juu ya kifundo cha mkono wake upande wa dole gumba, mhesabu mapigo kwa dakika nzima. Tazameni mambo mawili: idadi, na je, pigo na pigo zimepishana sawasawa? Wafanyieni hivi wazee waliopita miaka 65, hata kama hawana malalamiko. Mkiona mapigo hayana mpango, nendeni mkapime umeme wa moyo. Kijana wa miaka kumi na miwili aweza kumfanyia bibi yake jambo hili, nalo laweza kumwepusha na kiharusi.

Pili, dawa isiachwe kwa sababu mgonjwa ameona nafuu. Nafuu hiyo imetokana na dawa. Wekeni saa moja ya kumeza, na mtu mmoja wa kukumbusha; na vidonge vikibaki vya wiki moja, vingine vitafutwe.

Tatu, mwezi wa Ramadhani. Wapo wagonjwa wanaopunguza vidonge kimya kimya ili wafunge, na wasimwambie mtu. Dini imempa mgonjwa rukhsa, na kuikubali rukhsa si upungufu. Wako wanaoweza kufunga salama, dawa yao ya mara moja ikihamishiwa usiku. Wako wanaoweza kugawa baina ya futari na daku. Na wako ambao kufunga kwaweza kuwadhuru. Hayo huamuliwa na daktari, na yaulizwe mwezi wa Shaabani, usingojwe mwandamo wa mwezi.

Nne, mwenye betri ya moyo achukue kadi yake kila aendako, khasa safarini na katika Hija, aionyeshe kwenye vituo vya ukaguzi. Simu yake ya mkononi asiiweke katika mfuko wa shati ulio juu ya chombo. Iwe mbali nacho kwa sentimita 15 au zaidi. Na tarehe za kukipima zisipuuzwe.

Tano, zijulikaneni dalili za kiharusi: uso kwenda upande, mkono kukosa nguvu, maneno kuvurugika. Hapo ni hospitali, saa ile ile. Na mtu akianguka asiitike wala asipumue kama kawaida, msimmwagie maji wala msikusanyike kumtazama. Mmoja aite msaada. Mwingine aweke viganja viwili katikati ya kifua, akandamize kwa nguvu hata kifua kibonyee kiasi cha sentimita tano, mara 100 hata 120 kwa dakika, asiache mpaka msaada ufike.

Mkewe Larsson hakuwa daktari wala mhandisi, lakini bila ya yeye kuwashikilia wale wawili, mumewe angalizikwa mwaka ule wa 1958. Kila mwenye mgonjwa wa moyo nyumbani mwake anayo nafasi ya namna hiyo, na haimgharimu ila kumwangalia. Basi jioni ya leo, baada ya chakula, waombeni wazee wenu mikono muwapime mishipa. Mwenyezi Mungu awape afya.